Kamongo wa Shemeji

Sebit wa hapa Gurei, mtaa wa Juba, ana ugonjwa wa kujua. Mimi Juliet, jirani yake, nimeuvumilia miaka sita. Alikimbilia Uganda akiwa mtoto, akakaa kambi ya Adjumani miaka ishirini, na aliporudi Juba akajifanya mwalimu wa Waganda wote, hata wale waliozaliwa Kampala.

Mwezi uliopita alitaka kuoa. Cissy, Mganda mwenye duka la vitenge kule Nyakuron, alishakubali. Ilibaki kaka yake, Aloysius, aje kutoka Masaka, ale kwa Sebit, aseme ndiyo au hapana. Akikataa, hakuna ndoa.

"Kaka Sebit, muulize Cissy mgeni anakula nini," nilimwambia.

"Dada Juliet, mimi iko najua Waganda. Mpe Mganda samaki, kalas, maneno imeisha."

Siku yenyewe tulidamka kwenda Rejaf kwa wavuvi. Alinichukua kwa sababu hanunui kitu bila mtu wa kumtazama. Akafunua mashavu ya samaki, akabonyeza matumbo, akainamia macho kama daktari. Sangara mmoja alikuwa safi kabisa, mashavu mekundu. Sebit akasema huyo amekufa tangu juzi. Mvuvi akamrudisha sangara wake kapuni.

Ndipo akaona beseni la kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, anayevuta hewa kama mimi na wewe. Alikuwa anajipinda bado.

"Huyu ndiye samaki," Sebit akasema. "Mzima mpaka sufuria."

Nilimvuta shati. Cissy alishatuambia, palepale dukani, kwamba ukoo wao ni wa kamongo, na kwao kumla kamongo ni mwiko. Nikamkumbusha. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya wazee wa kijijini, mfanyabiashara wa Masaka hana muda nayo.

Kupika anajua, sitamnyima haki yake. Alimsugua kwa chumvi na limau, akamchemsha na nyanya, akamalizia na karanga za kusaga mpaka mchuzi ukawa mzito. Mchana wageni walipoketi, akaweka sahani mbele ya Aloysius, na juu yake kichwa kizima, heshima ya mgeni.

Aloysius alikitazama kile kichwa. Kisha akarudisha mkono wake magotini.

"Cissy," akauliza taratibu, "huyu bwana hukumwambia ukoo wetu?"

Cissy aliinamisha uso. "Nisamehe, kaka. Nilisahau kumwambia. Kosa ni langu."

Nilimpenda yule msichana saa ile. Uso wa Aloysius ulianza kulegea, akamgeukia Sebit akitabasamu. Alitakiwa kunyamaza tu, mtu huyu. Kunyamaza tu.

"Hapana, aliniambia," Sebit akasema, kifua mbele. "Hata Dada Juliet alinikumbusha leo asubuhi. Mila yote ya Waganda mimi iko najua, shemeji. Nilionelea nyinyi ni watu wa kisasa."

Aloysius akanawa mikono ambayo haikugusa chakula, akamshukuru, akatoka. Cissy alichukua mkoba wake akamfuata. Hakugeuka nyuma.

Sebit alivuta ile sahani upande wake, akamega ugali, akaonja mchuzi. Akaniuliza kama chumvi haijapungua.