Jiwe la Nyumba Nyingine

Nikinyamaza, nani atajua? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu, na kilichonitisha zaidi ni wepesi wa jibu lake: hakuna. Kwenye faili tulilopeleka ofisi ya turathi nilikuwa nimeandika kwamba nyumba moja ya mawe pale Ngara, Nairobi, ilijengwa mwaka uliochongwa kwenye jiwe lililo juu ya mlango wake. Kisha mwanamke mmoja akaniambia, huku akinipimia maharagwe, kwamba jiwe lile si la nyumba ile. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ofisi ingesikiliza pande mbili: sisi tuliotaka nyumba ihifadhiwe, na mnunuzi aliyetaka kuibomoa ajenge ghorofa. Na nyumba yenyewe haikuwa tupu. Tukishindwa, kuna mama angefungasha vitu vyake.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikishatuma ujumbe wa simu nausoma tena mara sita nikitafuta neno litakalokuwa limemkera mtu. Nilimaliza chuo na shahada ya historia, nikaomba kazi hadi nikazoea kutojibiwa, na hatimaye nikapata moja isiyo na mshahara: mwandishi wa kikundi cha wakazi wanaoorodhesha nyumba za zamani za Ngara kabla hazijaangushwa. Mwenyekiti, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa akitafuta mtu mwenye hati nzuri asiye na shughuli Jumamosi. Mimi sikuwa na shughuli siku yoyote. Nikawa natoka kwetu Kangemi, mtaa wa mabanda magharibi mwa jiji, na daftari langu.

Kazi yetu huenda hivi. Tunapiga hodi, tunapima vyumba kwa utepe, na kama kuna maandishi yaliyochongwa, tunaweka juu yake karatasi ya kufungia nyama na kuisugua kwa mkaa mpaka herufi zijitokeze. Baada ya hapo tunauliza, na hapo ndipo ilipo sheria yetu moja, ambayo mwenyekiti aliileta kutoka alikotoka: habari haiingii kwenye faili mpaka isemwe na midomo miwili isiyokula sufuria moja. Mume na mke ni mdomo mmoja. Mpangaji na mwenye nyumba, kama wanapikiana, mdomo mmoja. Tuliwahi kuitupa hadithi tamu mno ya harusi iliyofunga barabara nzima, kwa sababu aliyeisimulia na aliyeithibitisha walikuwa wakifuturu pamoja.

Nyumba hii tuliiita ya Mwalimu. Mwalimu ni mpangaji, mama wa Pwani aliyekuja Nairobi na mumewe, akafiwa naye humu humu, na kila alasiri hufundisha watoto Kurani barazani. Mawe ya kuta ni ya kijivu, yamechongwa kwa mkono moja moja, na paa ni la vigae vyekundu ambavyo kila mvua huondoka na viwili vitatu. Ukisimama uani husikii barabara, unasikia watoto tu wakikariri na Mwalimu akiwarekebisha. Ukitoka mlangoni, maduka ya nguo yamepandiana pande zote mbili kama yanaisukuma nyumba itoke kwenye foleni.

Jumamosi moja wakili wa mnunuzi alikuja kuangalia nyufa. Akanikuta kwenye ngazi nikisugua karatasi.

"Madam, hebu niambie ukweli. Hizi nyumba zilijengwa na Wahindi. Wewe umetoka wapi?"

"Kangemi."

"Kangemi!" Akacheka, akamwangalia dereva wake ili naye acheke. "Sasa nyumba ya Ngara inakuuma wapi?"

Majibu yalinijia baadaye, majibu kumi na moja, nikiosha vyombo. Lakini Mwalimu alijibu kutoka ndani bila kutokeza uso: "Inamuuma hapo hapo panapokuwasha wewe!"

Nimelifikiria sana swali lile, na bado linanikasirisha. Sihitaji kuzaliwa chini ya kigae ndipo niumie kikivunjwa. Katika jiji hili, mtu maskini akipenda kitu kizuri lazima aonyeshe risiti ya ukoo. Tajiri akitaka kukivunja haulizwi ametoka wapi.

Kosa lenyewe lilitokea wiki ya mwisho ya kupeleka faili. Ofisi ilitaka umri wa nyumba. Bila umri, walituambia, hiyo ni nyumba kuukuu tu. Waliokulia mle ndani walikuwa wamekufa au wamehama nchi, na Mwalimu mwenyewe hakujua. Nikainua macho juu ya mlango. Mwaka ulikuwa pale, umechongwa ndani ya duara la majani. Nikajiambia, nani anahitaji mdomo wa pili wakati jiwe lenyewe limesema? Nikaandika. Mwenyekiti akasoma, akatia sahihi.

Ile Jumatatu nilipitia kwa bibi mmoja anayeuza nafaka karibu na soko tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa na karatasi ya mkaa mkononi, na kwa kujisifu nikamwonyesha.

"Hii jiwe naijua," akasema. "Ilikuja na mkokoteni."

"Ilikuja kutoka wapi, shosho?"

"Kwa ile nyumba ilikuwa hapo watu wanapaki magari siku hizi. Wakibomoa, hii ikabebwa ikawekwa hapo kwa Mwalimu. Yeye hakuwa amekuja bado. Hao vijana niliwauzia chai, walikuwa wamejaa vumbi hadi kwa nyusi."

"Una hakika?"

"Wewe unataka maharagwe ama unataka kunipeleka kortini?"

Nilimpigia mwenyekiti simu kabla sijafika kituoni. Akanisikiliza hadi mwisho. "Huo ni mdomo mmoja," akasema. "Kwa sheria yetu, bado haujaingia."

"Lakini hata jiwe lilikuwa mdomo mmoja, mzee."

Nilisikia redio yake ikisoma matangazo ya vifo. "Binti," akasema hatimaye, "ngoja Alhamisi ipite."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi inayoijua. Nikinyamaza, nyumba itapona kwa uongo, na siku uongo huo ukifichuka kila nyumba tuliyoiandika itatiliwa shaka. Nikisema, Mwalimu atafukuzwa ili mimi nilale vizuri. Kisha nikawaza kwamba labda nataka kusema ili nionekane mwema. Kisha kwamba labda nataka kunyamaza kwa vile naogopa kusimama mbele ya watu, na haya mengine yote ni mapambo. Nilichora jedwali. Safu ya kusema na safu ya kunyamaza zikawa na urefu sawa, nikaichana karatasi.

Jumanne nikaenda kwa Mwalimu. Niliona kwamba kama kuna mtu wa kuambiwa kabla ya ofisi, ni yule ambaye kitanda chake kimo ndani. Alikuwa akikunja mikeka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kuketi.

"Umelijua tangu lini?"

"Jana."

"Na mwenyekiti wenu anasemaje?"

"Ningoje Alhamisi ipite."

Akaketi kwenye ukingo wa baraza. Alitazama mlango wake kwa muda, lile jiwe, majani yake. "Sasa umekuja nikupe ruhusa," akasema. "Sikupi. Nikikuambia nyamaza, utanibebesha uongo wako. Nikikuambia sema, nikatolewa humu, utajiambia ni mimi niliyekutuma. Mwanangu, mimi nina yangu ya kubeba. Jambo umelifanya kwa mkono wako, limalize kwa mdomo wako."

Nilitaka kulia. Akanipa kahawa, akarudi kwenye mikeka yake.

Nikarudi kwa bibi wa nafaka, maana nilitambua kitu kimoja ninachoweza kufanya bila kuamua lolote: kutafuta mdomo wa pili. Akakuna kichwa. "Mwenye alipanda ngazi kuiweka, si alikuwa mtu wa kwenu Kangemi? Aliacha kujenga. Anatengeneza majiko huko kwa soko, anachechemea."

Nilimpata Jumatano. Nimepita mbele ya kibanda chake tangu nikiwa darasa la pili, nikiziba masikio kwa kelele za nyundo yake. Nikamfungulia ile karatasi. Akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kuigusa.

"Hii ndiyo ilinivunja kidole," akasema, akanionyesha. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kama msumari uliogongwa vibaya.

"Nani aliwatuma muibebe, mzee?"

"Kututuma? Sisi ndio tulikuwa tunabomoa! Mchana tunapiga nyundo, jioni tukaibeba."

"Mbona?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huzika. "Aliyeichonga ndiye alinifunza kazi. Mtu wa Maragoli. Ningeitupa aje kwa lori ya taka na mkono wake uko hapo? Tukazunguka na mkokoteni tukitafuta mlango wenye upana wa kuitosha. Tukapata huo mmoja."

"Na hiyo nyumba mliyoiweka, ilijengwa lini?"

"Hiyo sijui. Nilikuta iko."

Nilitamani angejua. Nilimuuliza mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, mpaka akaniambia nimkome. Kwa hiyo nilikuwa na midomo miwili isiyokula sufuria moja, na umri wa nyumba sikuwa nao. Nilirudi nyumbani nikaandika ukurasa mpya kwa mkono, taratibu, bila kufuta kitu. Lakini kuuandika hakukuwa kuamua. Niliukunja nikautia kwenye mkoba, na bado nilikuwa sijui.

Ofisi iko katikati ya jiji, ghorofani, na madirisha yake hayafunguki. Afisa alikaa mbele na karani wake. Wakili alikuwa upande mmoja, sisi upande wa pili, Mwalimu nyuma na buibui lake jeusi. Wakili alizungumza kwanza. Alitaja nyufa, panya, choo cha uani, hatari ya paa. Kuhusu umri akasema, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, kwamba upande wao haubishi, mwaka uko pale kwenye jiwe na kila mtu anauona.

Hawakujua. Mwenyekiti alinishika mkono wa sweta. "Keti vizuri, binti," akaninong'oneza. "Tunashinda."

Ni neno hilo lililonisimamisha. Nilifikiria wale wanaume wenye vumbi hadi kwenye nyusi, wamemaliza kibarua cha kubomoa, wakasukuma mzigo ambao hakuna aliyewaagiza. Faili langu lilikuwa limewafuta. Mwaka wangu mzuri ulikuwa umeibomoa nyumba ile nyingine mara ya pili.

"Ukurasa wa nne wa faili letu una kosa," nikasema. "Niliuandika mimi."

Wakili akageuka taratibu, uso wake ukafunguka kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza. "Kwa hivyo umri wa nyumba hamjui?"

"Hatujui."

"Basi, bwana afisa, hapa hakuna faili."

"Faili lipo. Jiwe si la nyumba hiyo. Lilitoka nyumba nyingine iliyobomolewa, na waliolibeba ni vibarua wale wale walioibomoa. Mmoja wao yuko hai na anatengeneza majiko Kangemi. Wakili, uliniuliza nyumba hiyo inaniuma wapi. Walioijali kabla yangu nao hawakuwa wenye nyumba, na hawakumwomba mtu ruhusa. Kama mnataka kuiangusha, iangusheni mkijua inachobeba, si kwa mwaka wa kukisia."

"Madam, hiyo ni hadithi," wakili akasema.

"Ni hadithi ya midomo miwili. Ya kwako ina mdomo mmoja, na umelipwa."

Kuna mtu alicheka nyuma. Nadhani alikuwa Mwalimu, lakini sikugeuka. Afisa alivua miwani. "Tumekusikia. Unaweza kuketi."

"Nitaketi ukurasa mpya ukiingia."

"Ukurasa unaweza kuletwa wiki ijayo, kwa utaratibu."

"Nimeuleta leo."

Mwenyekiti alikuwa akitazama viatu vyake. Nikaukunjua ule ukurasa, nikatembea hadi mezani, nikamnyooshea karani. Hakuupokea. Alimtazama afisa, afisa akanitazama mimi, na nikabaki pale, mkono umenyooka mbele ya watu wote, mpaka karani akauchukua ukurasa na kuugonga muhuri.