Injinia Aliyekosa Msiba

Pale kiwandani, ukitaka kujua mtu ni wa nani, hukuangalia kazi yake, uliangalia misiba aliyokwenda. Kiwanda cha minofu ya sangara kilikuwa na mabwana wawili, Meneja Mashimba na naibu wake Masele, wote wakikitolea macho kiti cha mkurugenzi. Wafanyakazi walijipanga nyuma yao kama mbuzi mnadani. Injinia Janet Oyoo, binti wa Shirati, hakujipanga popote. Alitaka mitambo yake ipoze samaki na yeye aachwe afanye kazi. Masikini, aliomba makubwa!

Mama yake Mashimba alipofariki, basi la kiwanda lilikuja kuwabeba wafanyakazi kwenda kuzika Sengerema. Masele alikuwa wa kwanza kupanda, analia kuliko wafiwa. Janet naye alikwishajifunga kitenge. Ndipo bomba la amonia, ile gesi kali ya kupozea mitambo, likaanza kuvuja. Akavua kitenge, akavaa barakoa, akabaki na mtambo mpaka ukatulia.

Mashimba aliporudi hakuuliza habari za bomba.

"Injinia, ulikuwa wapi tukimzika mama?"

"Pole sana, bosi. Amonia ilikuwa inavuja. Ningeondoka, walinzi wangekufa."

"Amonia! Sema Masele alikuzuia."

"Masele si mlikuwa naye kaburini?"

"Usinijibu hivyo. Watu ni kuzikana, Janet. Na wewe utafiwa, tutaonana."

Asante ya punda hiyo. Toka siku ile salamu za Janet hazikuitikiwa. Wakati wa chai, kiti kitupu akikikaribia yeye, anaambiwa kina mtu. Masele akamvuta kando: "Njoo kwangu, dada, mimi nakuthamini." Janet akamjibu kuwa yeye ni wa kompresa, mashine zake za kupozea, si wa mtu. Basi, akapata maadui wa pande zote mbili.

Kisha baba yake akafa. Maneno ya Mashimba yakamrudia, na aliogopa kweli: baba azikwe bila mtu hata mmoja wa kazini, ukoo mzima ukiona binti yao msomi hana watu. Akaomba lile basi la kiwanda. Wakamwambia ni bovu. Siku ya mazishi, basi hilohilo lilionekana Nyamagana limebeba kwaya ya harusi ya kina Mashimba.

Shirati, jeneza linateremshwa, simu ikaita. Alikuwa Mashimba.

"Injinia, mtambo umezima! Samaki wanaoza! Rudi haraka!"

"Bosi, namzika baba."

"Najua, lakini..."

"Kama unajua, mbona sikuoni hapa?"

Akazima simu. Sangara na waoze. Akainama, akachota udongo, akamwagia jeneza la baba yake.