Kamera Aliyoichagua Mzee Rigobert kwa Masikio

Mzee Rigobert wa Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, hakuwa mtu wa kuchukua kitu dukani bila kukikagua, na upofu haukumpunguzia tabia hiyo hata kidogo. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi katika duka la Ismaël karibu na bandari, akipapasa kamera mbili za kufungwa kwenye kofia ngumu. Binti yake Sandrine, anayeendesha baiskeli katika timu ya mtaa, alikuwa akimweleza picha zilizo kwenye maboksi yake.

“Hii iko na foto ya muzungu anateleza juu ya teluji.”

“Na weye utatelezea wapi? Kwa Kindu teluji iko wapi?”

Ismaël akacheka, kisha akaanza kumwaga sifa. Kamera ya theluji haikutikisika hata njia ikiwa mbovu, rangi zake zilikuwa kali, na ndani ya kasha lake iliweza hata kuzama mtoni. Ile ndogo ilikuwa ya kawaida tu. Moyo wa Sandrine ulikwisha kwenda kwa ile ya kwanza, maana Jumapili timu ingepita njia ya msituni ng'ambo ya mji wa Kailo.

Lakini mzee alikuwa na lake, na Sandrine alilijua. Miaka ya vita, treni ziliposimama, Rigobert mtu wa reli alisukuma baiskeli yenye mizigo ya chumvi porini ili wanawe wapate kula. Ng'ambo ya Kailo homa ikamwangusha. Mwanamke aitwaye Jamila akamficha jikoni mwake siku tisa, huku wenye bunduki wakipita nje. Kila alipotoka shambani aliuliza neno moja kabla ya salamu: “Umekula?” Rigobert alikula. Alipopona ndipo jirani alipomnong'oneza kwamba chakula kile kilikuwa fungu la Jamila mwenyewe.

Kwa muda mrefu njia ilifungwa. Ilipofunguka, macho ya Rigobert yalikuwa yameshazima na nyonga imevunjika. Alimtumia Jamila salamu kupitia wasafiri, nao wakarudi na jibu lile lile: amesikia. Halikumtosha. Alitaka kuisikia sauti yake kabla mmoja wao hajaiaga dunia.

Kwa heshima ya mzee, Ismaël akakubali kamera zijaribiwe. Sandrine akavaa kofia, akaenda mpaka stesheni na kurudi, mara moja kwa kila kamera, akiongea na watu njiani. Kisha baba yake akatega sikio. Kamera ya theluji ilitoa mngurumo wa upepo, na ndani yake sauti ya Sandrine kama mtu aliyefunikwa sufuria. Katika ile ndogo upepo ulikuwapo, lakini alimsikia akimsalimu muuza samaki, na muuza samaki akiitikia.

“Hii,” akasema.

“Baba, foto yake haiko muzuri.”

“Foto miye nitaipeleka wapi?”

Sandrine alinuna kidogo, lakini akaibeba ile ndogo.

Jumatatu walikutana tena dukani, na Ismaël akaifungua video kwenye kompyuta yake. Miti ikapita, mnyororo ukalia, baiskeli ikasimama. Ikasikika hodi, na mtu akaitikia kutoka ndani. Papo hapo picha ikashuka chini: miguu miwili ya kizee, visigino vimepasuka, na kuku mmoja. Sandrine, binti aliyelelewa akaleleka, alikuwa ameinamisha kichwa kumwamkia mama wa watu, na kamera ikainama pamoja naye. Hakukiinua muda wote wa mazungumzo.

“Ah, Sandrine, sura ya mama haiko,” Ismaël akalalamika.

Sandrine akajishika mdomo kwa aibu.

“Nyamaza, Ismaël,” mzee akasema.

Katika video Sandrine alikuwa akisema, “Mama Jamila, baba yangu Rigobert njo ananituma. Ule muntu ya chumvi. Anasema aksanti.”

Halafu ikaja sauti, imezeeka na kukwaruza, lakini Rigobert angeitambua hata katikati ya soko.

“Ule muntu ya chumvi? Angali muzima?” Na kabla ya lolote lingine ikauliza, “Amekula?”

Machozi yalimtoka Mzee Rigobert, na kwa furaha aliyokuwa nayo hakujisumbua kuyafuta. Aliinamisha kichwa, kama binti yake alivyokuwa ameinamisha chake.

“Nimekula, mama,” akaijibu kompyuta. “Nimekula.”