Boriti ya Mlango wa Kanisa

Aibu hii ningekufa nayo tumboni, ila aliyeumia siyo mimi peke yangu, basi sikilizeni.

Miaka ya sabini nilirudi Bunia kutoka shule ya ufundi na diploma yangu (natembea nayo mfukoni, fikirieni!), nikaungana na Muzee Lobo kujenga kanisa, yeye aliyenifundisha kushika mwiko wa kujengea kabla sijaota ndevu. Vyuma vya zege vilikuwa vimekosekana mjini, kwa hiyo juu ya mlango mkubwa ingekaa boriti ya zege tupu, na Muzee akataka nguzo chini yake, katikati. Mimi nikaona nguzo mlangoni ni ushamba, maharusi wangepitaje? Nikamwaga boriti ndogo ya urefu wa mkono wangu, nikaipakia mifuko ya mchanga, ikabeba vizuri sana, nikaikuza kwenye karatasi hadi upana wa mlango, nikawatangazia wazee wa kanisa kwamba nguzo haitakiwi.

"Mwanangu," Muzee akasema, "mu ile kadogo ufa haina nafasi ya kukimbia. Mu ile mukubwa, ikianza tu, iko na njia murefu."

"Muzee, hii ni calcul, hesabu ya shule," nikajibu. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Akakataa kuijenga bila nguzo. Wazee wa kanisa wakamwondoa, kazi nikapewa mimi.

Siku ya kutoa mbao zilizoshikilia boriti (ningezitoa kimya kimya? wapi, nilitaka kushangiliwa) niliita waumini wote, kwaya ikaimba, mbao zikatoka, nikapanda ngazi kupanga mifuko juu ya boriti kama hesabu yangu ilivyosema, na sikufika hata nusu, ikalia pa! mara moja, ikaanguka vipande viwili mbele ya pasta, mimi nikabaki nimening'inia kwenye ngazi, na abakosi yangu mpya, koti la heshima la siku zile, imechanika begani.

"Citoyen," mama mmoja wa kwaya akauliza, maana siku zile ndivyo tulivyoitana, wananchi, "ile diploma walikupatia ya nini?"

Walicheka sana. Hilo nilistahili.

Kesho yake nilikwenda kwa Muzee kuomba msamaha, nikamkuta mke wake.

"Alirudia kwao kijijini, Gety, kulima," akasema, akanipa mwiko. "Aliacha hii. Alisema ni yako, yeye hana tena kazi nayo."

Mwiko huo unaning'inia ukutani kwangu, sijawahi kuutumia, naona haya. Kila mlango mpana niliojenga tangu hapo una nguzo katikati, wenye nyumba wananung'unika, nami naapa sitaondoa hata moja. Muzee hakurudi kuziona.