Baba na Ukoko wa Ugali

Harufu ya ukoko wa ugali unaokauka chini ya sufuria ikinifikia, siko tena hapa Nkende, Tarime. Niko kijijini Nyansurura, nina miaka kumi, na filimbi ya baba imeshalia. Ikilia mara moja, macho! Mara mbili, vitanda vimetandikwa. Mara tatu, watoto wanne tumesimama mstari mmoja mbele ya zizi, kucha mbele, naye baba anapita akikagua mpaka nyuma ya masikio. Alikuwa mwanajeshi mstaafu wa vita vya Kagera, na kijiji kizima kilimwita Afande. Watoto wenzangu walimwogopa. Mimi je? Nilitamba mchana kutwa! Nani mwingine alikuwa na baba anayekwenda kuchunga ng'ombe kwa mwendo wa gwaride? Shuleni niliwasimulia habari za bunduki yake ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kunisimulia.

Msimu ninaousema ni ule ambao mama, mwenye mimba ya mapacha, alilazwa hospitali ya Mugumu asubiri kujifungua. Majirani hawakuchelewa kutoa shauri: mimi, binti mkubwa, niache shule nishike jiko. Moyo ulinianguka, maana nilipenda shule kuliko maziwa mgando, na nilishaona wasichana walioacha "kwa muda tu" wakaishia kuolewa. Baba alisikiliza, akashukuru, akawasindikiza. Kesho yake, kabla ya filimbi, nilisikia kuni zinapasuka jikoni na mlango umefungwa kwa ndani. Ndani alikuwa yeye! Mwanaume wa Kikurya aliyetahiriwa hakai mafigani. Hilo hata mbuzi wetu walilijua. Akatuambia ni siri ya kikosi, tukaapa. Lakini jamani, mtu yule alijua kupika! Uji wa ulezi haukuwa na donge, kunde zimeungwa zikaiva, na ugali wa mtama na muhogo unakatika vizuri mkononi. Ukoko aliubandua kwa ustadi akatugawia vipande sawasawa, nasi tukautafuna njia nzima ya shule kwa furaha ya wezi.

Ulimi hauna mfupa. Siku moja binti mmoja wa darasani alinicheka kwamba kwetu tunalala njaa, nami nikapandwa na hasira, nikamjibu kwamba baba yangu anapika kumshinda mama yake. Basi! Kabla ng'ombe hawajarudi zizini habari ilishazunguka kijiji. Jumamosi asubuhi wazee watatu wa rika la baba walifika, wakiongozwa na Mzee Marwa, aliyetahiriwa naye siku moja, na ambaye mdogo wake hakurudi kutoka vitani. Nikajificha nyuma ya ghala, najilaumu. Kosa lilikuwa langu, na shule ilikuwa inaniponyoka.

"Mura, mwanaume mwenzetu, tumesikia unakaa mafigani," alisema Mzee Marwa. "Mtoe binti shule, utuondolee aibu."

Baba hakupandisha sauti. Aliingia jikoni akauacha mlango wazi kabisa, akatoka na maji ya kunawa, ugali na kunde, akawawekea mbele. Kisha akasimama wima.

"Marwa, kule vitani nilikuwa mpishi. Mdogo wako alikula mkononi mwangu mpaka siku ya mwisho. Na huyu binti hatoki shule."

Mpishi! Nilitaka ardhi inimeze. Bunduki zangu zote zimegeuka sufuria. Lakini nilipomwona Mzee Marwa ameukodolea macho ugali ule, midomo inamcheza, niliona haya kwa kuona haya.

"Alikula vizuri?" aliuliza.

"Kila siku alibaki nyuma kuomba ukoko."

Mzee Marwa akanawa mikono. Akamega tonge, akala, na wenzake wakamfuata. Hakuna aliyetaja tena habari za kuniachisha shule. Mama alirudi na mapacha wake, baba akampokea kwa uji mbele ya watu wote, na mlango wa jiko letu haukufungwa tena.

Siku hizi vijana wanakaanga chipsi kando ya barabara hapa Tarime na hakuna anayegeuza shingo. Mimi ni mwalimu, na asubuhi ninaposahihisha madaftari mume wangu ndiye anayesonga ugali, tena anauunguza, nami nampulizia filimbi ya baba mpaka watoto wanavunjika mbavu. Wao hawajui kwamba jambo hili liliwahi kuwa zito. Mwaka jana tulipomzika baba, wasemaji walisifu ushujaa wake na bunduki ambayo hakuishika, nami niliwaacha waseme. Watu walipokuwa wakila, nilimwona Mzee Marwa, fimbo mkononi, akijikokota kuelekea kwenye mafiga, katikati ya wanawake na masufuria. Nikamkimbilia, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza anatafuta nini.

"Ukoko, mwanangu," alisema. "Kama umebaki."