Himid na Mtihani wa Saa Tatu

Simu ya Musallam ilimkuta Joha kazini, kwenye kaunta ya kliniki ya meno, akimwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi. Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi, Jumapili moja ya Januari 2018. Aliliona jina, akaiacha ilie. Ikakata, ikalia tena.

"Joha, si uchukue hiyo simu," alisema Loise, Mkenya aliyekaa naye kaunta moja. "Huyo mtu anakutafuta kweli."

Musallam alikuwa rafiki wa Himid wa kambi ya jeshi, na Himid alikuwa ndugu yake Joha, mdogo wake wa pekee. Joha alipokea akidhani ni mambo ya mtihani. Musallam akasalimu kwa Kiarabu, akaulizia afya ya kila mtu nyumbani, salamu ndefu ya mtu anayeogopa kuimaliza. Kisha akauliza, "Dada, ami yako yupo karibu?"

Hapo Joha alijua. Hakuna anayemtafuta mwanamme wa ukoo saa za kazi kwa jambo la kheri.

"Ami hayupo. Niambie mimi."

"Gari ya Himid imeingia chini ya lori, kwenye ukungu. Mwenyezi Mungu akupeni subira."

Joha akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akailaza simu juu ya kaunta, akaendelea kuiandika tarehe ya mgonjwa hadi mwisho. Loise ndiye aliyemtoa kalamu mkononi.

Himid Khalfan alizaliwa mtaa wa Rashidiya, huku kwenye nchi ya Waarabu, miaka kumi na moja baada ya dada yake. Wazee wao walitoka Unguja zamani, na nyumba yao ilikuwa moja ya zile ambazo Kiarabu huachwa mlangoni pamoja na viatu. Mzee Khalfan alifariki Himid akiwa na miaka tisa. Wakabaki yeye, Joha, na mama yao Bi Zayana, ambaye kila akimtuma Himid dukani alisimama dirishani mpaka amwone anarudi.

Mwaka 2014 ilipokuja sheria ya vijana wa kiume kwenda jeshini, mtoto wa kiume wa pekee hakulazimishwa. Akitaka kwenda kwa hiari yake, ilibidi mzazi atie saini. Bi Zayana alisali rakaa mbili za shukrani, akadhani limekwisha.

Halikwisha. Kila alasiri vijana wa mtaa walikaa kwenye majlis, baraza ya wageni ya jirani yao Awadh, na maneno yalikuwa ni kambi tu: nani kanyolewa, nani kazimia juani, nani kalia usiku wa kwanza akimtaka mama yake.

"Himid, sisi tunanyolewa, wewe lini unakwenda kusukwa?" alimtania mmoja.

"Mwacheni," Awadh akasema, huku akimimina kahawa. "Mzanzibari huyo. Akiona bunduki ataiuliza bei ya karafuu."

Himid alicheka nao. Nyumbani hakula.

Aliyechomwa zaidi ni Joha. Alikumbuka miaka ambayo baba yao aliingia na kutoka maofisini kabla ya kupata pasipoti ya nchi hii, na hakutaka mtu yeyote amwambie ndugu yake kwamba kwao ni kwingine. Akaichukua mwenyewe ile fomu ya ridhaa ya mzazi, akaileta kwa mama yake.

"Sitii saini," alisema Bi Zayana. "Wenzangu wanao wanne, watano. Mie ninaye mmoja."

"Mama, wanatuona sisi si watu wa hapa."

"Nawatuone. Wakichoka watanyamaza. Na chuo je? Atasoma lini huyu?"

"Chuo niachie mie. Nakuahidi mbele ya Mungu, atasoma mpaka amalize. Dhamana yangu."

Fomu ilikaa siku tatu juu ya kabati. Siku ya nne Bi Zayana alitia saini. "Nimetia kwa sababu yako, Joha," alisema. "Si kwa sababu ya Awadh."

Himid alimaliza miezi yake ya kambini, akarudi mweusi, mwembamba, anakunja shuka pembe nne. Septemba 2016 akaanza chuo, masomo ya biashara na maghala. Alitaka kazi kwenye kampuni za mizigo za Freezone, eneo la biashara huru la uwanja wa ndege. Lakini jeshi lilikuwa halijamwacha. Aliwekwa kwenye kikosi cha akiba, na kila baada ya muda aliitwa: mara siku tatu, mara wiki mbili. Wito haukutazama ratiba ya chuo, na chuo nacho kilihesabu kila kipindi alichokosa.

Alijaribu kuwa watu wawili. Aliandika masomo kwenye vipande vya karatasi akavitia mfuko wa shati la kijeshi, asome wakati wenzake wanavuta sigara. Kambini walimwita Mudaris, mwalimu. Chuoni mambo yaligeuka: siku moja aliitwa jina lake darasani akiwa anasinzia, akaruka kusimama, mikono ubavuni, akapiga kelele kama anayemwitikia afande, "Hadhir, sidi!" Darasa zima lilicheka, na mhadhiri naye akacheka. Himid mwenyewe alicheka mpaka machozi akimsimulia mama yake, lakini Bi Zayana hakucheka. "Mtoto kachoka huyu," alimwambia Joha jikoni. "Umeniahidi."

Na Joha alishika ahadi yake. Alimpigia simu kila alfajiri kumwamsha, nyumbani asipokuwepo. Aliongea na ofisi ya chuo. Mtihani mmoja ulikwisha kumpita kwa sababu ya wito, wakamrudisha nyuma muhula mzima. Safari hii waliandika wazi: akikosa mtihani wa Januari, anaondolewa.

Wito ukaja wiki ileile ya mtihani. Mkubwa wake alimpa ruhusa ya siku moja tu: atoke baada ya sala ya alfajiri, afanye mtihani saa tatu, jioni awe amerudi.

Alfajiri hiyo Joha alipopiga, Himid alikuwa ameshaamka.

"Dada, kuna ukungu hapa, hata geti silioni. Sajenti anasema tungoje jua."

"Jua litatoka saa ngapi?"

"Nani anajua? Ukungu huu ni kama maziwa."

"Himid, ukikosa leo ni khalas, basi tena. Nimwambie nini mama?"

"Basi n'nakuja."

"Washa taa. Nenda polepole. Soma dua ya safari."

"Nishaisoma. Mwambie mama mchana nakula nyumbani."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya mwisho. Jioni ya siku hiyo, nyumba imejaa wanawake na sauti ya Kur'ani, alikuja mwanafunzi mwenzake Himid kutoa pole. Hakujua anamwambia nani alipomweleza Joha kwamba mtihani wenyewe ulisogezwa mpaka saa tano. Wahadhiri nao walikuwa wamekwama njiani kwa ukungu uleule. Taarifa ilitumwa saa moja na nusu. Polisi walikuwa wameiandika ajali kuwa ya saa moja na dakika kumi.

Joha hakumwambia mtu. Alihudumia maji, alipokea mikono ya watu, na kila aliposikia "amefariki akitafuta elimu, ni daraja kubwa hiyo," alijihisi anajificha nyuma ya sifa za maiti. Alisali Isha akashindwa kuomba dua. Hakujua aanze vipi.

Kesho yake ami yao Aidarus, mdogo wa marehemu Mzee Khalfan, aliwapeleka nyumba ya kuoshea maiti, Muhaisnah. Wanaume walikuwa ndani wakimwosha. Wanawake walikaa kwenye benchi nje. Joha aliona hawezi kumwacha mama yake aingie kuaga bila kujua.

"Mama, nisikilize. Himid alitaka kungoja ukungu uondoke. Mie ndiye niliyemwambia aje."

Bi Zayana hakugeuka.

"Na mtihani ulisogezwa, mama. Angengoja angewahi."

Mwanamke mmoja alitaka kusogea karibu, akaona nyuso zao, akarudi.

"Simu hiyo nilikuwa naisikia," alisema Bi Zayana mwishowe. "Nilikuwa kwenye msala wa kusalia, chumba cha pili. Ningeweza kupiga kelele kwamba asije. Sikupiga. Na mie nilitaka amalize." Akaushika mkono wa mwanawe. "Mie nilitia saini, wewe ulimwita, yeye alishika usukani. Na ajali ni ya Mungu. Tusitafutane, Joha. Tumebaki wawili."

Ami Aidarus akafungua mlango. "Karibuni mumuage. Msichelewe, Adhuhuri inakaribia."

Himid alikuwa amelazwa kwenye sanda, uso wazi. Upande mmoja ulikuwa na jeraha, wakaufunika kwa pamba. Kulikuwa na harufu ya kafuri. Bi Zayana aliinama akambusu paji la uso. Akasema, "Radhi zangu zote ziko juu yako, mwanangu. Sina kinyongo na wewe, Mungu naye asiwe nacho." Machozi aliyafuta kabla hayajamdondokea.

Joha akambusu baada yake. Alitaka kumwomba msamaha kwa sauti, hakuweza, akaomba moyoni. Akamsomea Fatiha. Alikosea katikati, akaanza tena, akaimaliza.

Wakamfunika uso. Wanaume wakamchukua: ami Aidarus, Musallam na vijana wa kambi waliopewa ruhusa, na Awadh jirani nyuma yao akiwa ameshika mguu wa jeneza. Aliswaliwa baada ya Adhuhuri, akazikwa makaburi ya Al Qusais. Wanawake hawakwenda kaburini. Walirudi Rashidiya wakakaa sebuleni. Saa nane kasoro dakika kumi ami Aidarus alipiga simu kusema wamemaliza kufukia na dua imeshasomwa.

Bi Zayana akasema alhamdulillahi, akaenda kutawadha.