Chaza Walionisemea Siku ya Kutazamwa

Mwanamke aliyekuja kunitazama kama nafaa kuolewa aliondoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Wala sikumfanya kitu, wallahi. Nilimuuliza swali moja tu.

Ilikuwa 1971. Mimi naitwa Time, mwalimu mpya wa baiolojia, nimetoka chuoni juzi juzi. Nyumba yetu Mkunazini.

Nilikuwa na haya mpaka wanafunzi wangu wakilalamika, "Mwalimu, hatukusikii!"

Basi Bwana Miraji akaleta posa. Rika la baba yangu, huyo.

"Tutamuuliza mwenyewe," baba akasema. "Akinyamaza, karidhia."

Ndiyo kaida yetu. Mwari akinyamaza, kakubali. Na mimi kunyamaza ndiyo kazi yangu ya kwanza, kufundisha ya pili!

Nikajaribu kusema "sitaki" mbele ya kioo. Hata kioo nikakionea haya.

Wiki ile maabara ya shule ikavuja. Nikahamishia nyumbani vielelezo vya mtihani: chaza wa mchangani tuliowaokota pwani ya Matemwe, mimi na wasichana wangu, bahari ilipokupwa.

Tuliwatia maji ya uvuguvugu walegee, tukawawekea kijiti cha kiberiti katikati ya makombe wasijifunge, ndipo tukawatia chupani na fomalini, dawa ya kuzuia wasioze. Ile nyama wanayojisogezea ikabaki imetoka nje, kama ulimi.

Kila msichana akafunga chupa yake uzi na kikaratasi chenye jina lake. Wino uliokuwapo ulikuwa mwekundu.

Nikazipanga dirishani, chumbani kwangu. Sikuwaza lolote.

Alasiri akaja Bi Mwanapili, shangazi yake Miraji. Akanitazama meno, akanitazama nywele, akanitazama nyayo. Akataka aone na chumba.

Mlangoni akaganda.

"Mwanangu... ndimi za nani hizi?"

Sijajibu, kashaanza kusoma. "Kurwa... Hija... Kazija..." Akarudi nyuma hatua moja. "Yarabi toba! Wote hawa umewafunga?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni chaza, bibi.

Nikamkumbuka Miraji. Jibu nikalimeza. Wazee husema mchawi hamfungi mtu mpaka apate jina la mama yake.

Nikamwonesha chupa ya mwisho, ya msichana aliyekuwa mgonjwa siku ile. "Hii haijapata jina," nikasema taratibu, kama kawaida yangu. "Bi Mwanapili, mama yako alikuwa akiitwa nani vile?"

Ngazi za nyumba yetu watu huzishuka kwa kushika kamba. Yeye hakushika kitu.

Jioni ile posa ikavunjika. "Wanasema nyota zenu hazipatani," baba akanambia, kachoka. Nikaenda jikoni nikaimba.

Siku chache baadaye, hodi. Bi Mwanapili, kajifunika buibui, yamebaki macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, marahaba. Sema polepole." Akanisogelea sikioni. "Ile chupa, ishapata jina?"

"Bado."

"Basi mtie mke mwenzangu. Ana mdomo yule! Jina la mama yake ninalo."

Nikacheka, kisha nikamwonea huruma huyo mke mwenzake. Nikampandisha juu, nikamweleza yote: kijiti, uzi, wino, wanafunzi.

Akainama, akaitazama chupa sana.

"Chaza? Hawa hawa tunaowapika kwa nazi?"

"Hawa hawa. Ila hawa hawaliwi, dawa yake sumu."

Akaigonga chupa kwa ukucha. Halafu uso ukamchanua.

"Kumbe wewe si mchawi! Alhamdulillahi! Basi nakwenda kumwambia Miraji alete posa tena!"

Nikazitazama zile chupa. Safari hii hazikunisaidia.

"SITAKI!"

"Naam?" baba akaitika kutoka chini.

"Simtaki Bwana Miraji, baba!"

Nikasikia baba anacheka peke yake. "Haya mama, nshasikia. Mtaa mzima ushasikia."

Bi Mwanapili akajitanda buibui lake. "Ulimi unao," akanambia. "Ulikuwa umeufungia wapi siku zote?"

Wadogo zangu mnaosoma hapa: mkiulizwa, semeni. Mimi chaza walinisemea mara moja tu, na hata wao ilibidi kwanza mtu awawekee kijiti.